Watoto tisini, penseli arobaini: kufundisha uchoraji kwa kuanza na kandambili

Kila mwaka nikikabidhiwa darasa la tatu jipya, kipindi cha kwanza cha uchoraji huanza na ombi lilelile: "Mwalimu, chora kwanza wewe." Miaka ya mwanzo nilikuwa nakubali. Nilichora nyumba ubaoni, na robo saa baadaye nilikuwa na nyumba tisini mikononi: paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili kama macho, milima miwili kwa nyuma na jua linachungulia. Shule yetu iko Tanga mjini. Nusu ya watoto wale wanakaa nyumba za kupanga zenye korido katikati na vyumba huku na huku, na hakuna hata mmoja aliyechora korido.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakusomea sanaa, ana darasa kubwa, hana fungu la vifaa, na kipindi chake cha dakika 40 kila mara kinakopwa na hisabati bila kurudishwa. Yote nitakayosema yana mzizi mmoja: usimpe mtoto picha ya kuiga, mpe kitu cha kutazama. Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyeanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa msemo wake kwamba kuiga kunamlaza Mungu. Mimi nimeona kunamlaza mtoto kwanza.

Piga hesabu ya karatasi

Rimu moja ya A4 ina karatasi 500. Kata kila karatasi vipande viwili. Watoto 90 watatumia karatasi 45 kwa kipindi, kwa hiyo rimu inakufikisha vipindi 11. Nenda kwa mwalimu mkuu na hesabu hiyo mkononi. Ukienda na ombi la "vifaa vya sanaa" utaambiwa usubiri ruzuku, na utasubiri.

Ongezea migongo ya kalenda za mwaka jana, maboksi ya dukani, na tabaka la nje la mfuko wa saruji ikiwa ni ule wa karatasi. Tabaka la ndani, lililogusa saruji, achana nalo, vumbi la saruji linaunguza mikono.

Penseli zikiwa chache, wapange wawili wawili: mmoja mkono, mwenzake jicho. Jicho hachori, kazi yake ni kutaja kilichosahaulika. "Hujaweka kamba ya kushoto." "Mbona hapa pamelika na wewe umepanyoosha?" Baada ya dakika kumi wanabadilishana. Nilianza hivi kwa shida tu. Sasa hata penseli zikitosha naendelea nao mtindo huu, kwa sababu anayetoka kuwa jicho huchora vizuri kuliko aliyeanza.

Vifutio vyote vikusanye mlangoni. Mtoto mwenye kifutio atachora mstari mmoja na kuufuta mara saba, mpaka karatasi itoboke.

Kipindi cha kwanza: vua kiatu

Vua chako wewe kwanza. Hili usiliruke.

Mara yangu ya kwanza niliwaambia watoto wavue kiatu kimoja wakiweke juu ya dawati, nami nimesimama mbele yao na viatu vyangu miguuni. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alikunja miguu chini ya benchi na hakuitoa mpaka kengele. Alikuwa amekuja na kandambili za rangi mbili, ya kushoto buluu, ya kulia nyekundu. Tangu siku ile naingia na kandambili zangu za bafuni, zilizolika visigino, naziweka mezani kabla sijasema neno. Kisha nauliza: "Mwenye hizi anatembeaje?" Hapo darasa linachangamka. Mwalimu unakanyagia upande wa nje. Mwalimu dole gumba lako kubwa. Mwalimu ulizikausha karibu na jiko, pameyeyuka hapa. Wakishamaliza kunicheka, hakuna tena anayeficha mguu. Mwenye viatu vyeusi vya ngozi achore hivyohivyo, navyo vina mikunjo yake.

Dakika tano za kwanza penseli zinabaki mezani. Kidole tu. Wapitishe kidole polepole ukingoni mwa kiatu, wazunguke mpaka walikoanzia. Uliza maswali ambayo majibu yake yapo kwenye kiatu chenyewe: Kamba inaingilia wapi? Matundu mangapi? Kisigino kimelika upande gani? Alama ya kidole gumba iko mbali kiasi gani na tundu la mbele?

Halafu toa amri moja: kiatu kijaze karatasi, kiguse kingo mbili. Bila amri hiyo utapewa kiatu cha ukubwa wa harage pembeni mwa karatasi.

Dakika 20 za kuchora, tembea na unyamaze. Utaona wengi hawakitazami kiatu tena. Wanachora kiatu kilicho kichwani, kile cha siku zote. Usiwakosoe. Inama tu useme: "Nionyeshe mstari huu hapa kwenye kiatu." Mtoto atatafuta, hatauona, atacheka, na ataanza kutazama.

Mwaka juzi mvulana mmoja aliichora kandambili yake imepinduliwa, soli juu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Juu inafanana na za wote. Msumari uko chini." Kamba yake ilikuwa imekatika, na baba yake alikuwa ameipitishia msumari mdogo upande wa chini ili isichomoke. Aliuchora msumari na kichwa chake, na pale ulipoacha kutu kwenye soli alisugua penseli kwa kidole mpaka pakawa na wingu. Sikuwa nimewafundisha kusugua.

Unachosema ukifika dawatini

Acha kusema "nzuri sana." Ukimwambia mmoja, wenzake wote wa dawati lile wataanza kuchora kama yeye. Taja unachokiona: "Naona hapa umekandamiza penseli na hapa umeipitisha kwa mbali." Mtoto akijua umeona, inatosha.

Usichore kwenye karatasi yake, hata mstari mmoja. Ukilazimika kuonyesha jambo, chukua kipande kingine, onyesha, kisha kichane mbele yake ili asikiige.

Madarasa ya chini, la kwanza na la pili, yana kanuni zake. Kwa wengine mtu bado ni kichwa chenye miguu. Mama ni mkubwa kuliko nyumba. Kuku anaonekana mpaka yai lililo tumboni. Mzazi akija kuchungulia daftari atadhani hujafundisha. Mweleze kwamba mtoto wa umri huo anachora anachokijua, na mara nyingine ukubwa anaugawa kwa uzito wa mtu moyoni mwake. Hapo hakuna cha kusahihisha. Shida huanza miaka tisa au kumi, mtoto anapoanza kulinganisha kazi yake na ya jirani na kusema "mimi sijui kuchora." Dawa yangu ni zoezi la kuchora mkono wao wenyewe bila kutazama karatasi: macho kwenye mkono, penseli inatembea, hakuna kuchungulia. Kila mtu anatoa kiroja, mwalimu akiwemo. Penye viroja tisini hakuna bingwa wa kuogopwa.

Mkaa wa kuchorea

Utengeneze nyumbani, si shuleni. Chukua vijiti vikavu vyembamba kama penseli, vimenye ganda, vipange kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko wa bati. Toboa tundu moja kwenye mfuniko kwa msumari, weka kopo jikoni juu ya makaa. Moshi utatoka pale tunduni. Ukikoma, ondoa kopo na uliache lipoe kabisa. Ukifungua likiwa la moto, vijiti vinashika hewa na kuwaka, umekosa vyote.

Picha za mkaa usizilaze moja juu ya nyingine bila gazeti katikati.

Rangi za jikoni na za uwanjani

Kishikizo cha rangi ni uji wa muhogo. Kijiko kikubwa kimoja cha unga kwa kikombe cha maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha bandika jikoni ukikoroga hadi uji uwe mwangavu. Ukipoa, changanya na unga wa rangi kwa vipimo sawa, uzito uwe kama wa mtindi. Hukaa siku mbili, ya tatu unachacha na darasa zima litajua.

Nyekundu ni udongo. Watoto waulete wenyewe, kila mmoja kutoka kwao, na utashangaa ni nyekundu ngapi zilizopo ndani ya kata moja. Kausha, twanga, chekecha kwa kitambaa chakavu. Waambie kwamba michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi imechorwa kwa udongo wa namna hiyo. Nyeusi ni mkaa uliotwangwa au masizi ya sufuria. Nyeupe ni vipande vya chaki vilivyobaki ubaoni. Buluu ni bluu ya kufulia, kidogo tu, inatia doa lisilotoka. Kijani cha majani yaliyotwangwa kinawavutia sana, lakini baada ya siku chache kimeshageuka kahawia.

Njano ni manjano ya mchuzi, na hii nitaisemea zaidi. Paka karatasi nzima manjano yaliyochanganywa na maji, iache ikauke. Kisha mpe mtoto kijiti kilichochovywa kwenye maji ya sabuni ya kufulia, au maji ya majivu, achore. Mstari unageuka mwekundu wa damu ya mzee mbele ya macho yake. Darasa langu la kwanza kuona jambo hili lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuuliza kuna nyoka. Maji ya choya nayo hubadilika yakiguswa na sabuni, wekundu wake unapotea. Picha za manjano zitundikwe kivulini, jua linazifuta.

Kuna vitu vya kukataa mlangoni. Watoto wataleta betri kuukuu za tochi, kwa sababu wameona wakubwa wakizivunja na kupaka ubao kwa unga wake mweusi. Unga ule ni kemikali, si masizi. Kataa, na betri zisivunjwe kabisa. Chokaa ya kupaka nyumba inaunguza macho. Rangi za mafuta na thina hazina nafasi kwenye darasa la watoto.

Burashi, kwetu Tanga, si tatizo: nyuzi za katani za urefu wa kidole, zifungwe kwa uzi kwenye kijiti, ncha zikatwe sawasawa, ziloweshwe kwanza zilainike. Wa kwingine watumie kijiti cha mswaki kilichotafunwa.

Siku ya rangi toka nje, chini ya mwembe. Nusu ya darasa wapake, nusu wachore mwembe wenyewe kwa mkaa, kisha wapokezane. Kila mtoto aje na shati kuukuu la baba alivae mgongo mbele. Sare ikiingia doa, atakayekuja shuleni kesho asubuhi ni mama yake, na hatakuja kutazama picha.

Kanga ya karatasi

Kama muhula mzima utapata vipindi viwili tu vya sanaa, fanya hiki. Hakuna mtoto asiyeijua kanga, amebebwa nayo, na ni wachache waliowahi kuitazama.

Ning'iniza kanga mbele ya darasa, uliza ina sehemu ngapi. Watataja maua, watataja rangi. Wapeleke polepole: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulioko katikati, na jina, yaani yale maneno. Uliza pindo limerudia umbo lipi, na lilipofika kona limefanyaje. Kona ndiyo penye akili ya fundi. Wengi hawajawahi kuifikiria, na wakija kutengeneza pindo lao, konani ndipo watakapokwama wote.

Kwa muhuri tumia vitu vya sokoni. Bamia ikikatwa kwa upana inatoa ua zuri lenye pembe. Kipande cha shina la mgomba kinatoa vyumba vidogovidogo kama sega la nyuki. Kisoda kinatoa duara la meno. Kiazi mbatata kinachongwa umbo lolote, lakini kisu kishikwe na mwalimu. Kausha kila kilichokatwa kwa kitambaa kabla ya kuchovya, la sivyo maji yake yatavuruga rangi. Rangi usiiweke kwenye kopo: ilowanishe kwenye kipande cha godoro juu ya sahani, mtoto agandamize muhuri pale na aupeleke kwenye karatasi. Kipande kile cha godoro ndicho kinachotofautisha chapa safi na tope.

Kipindi cha kwanza ni pindo peke yake. Cha pili ni mji na jina. Jina watunge wenyewe, maneno machache, herufi kubwa. Mwaka jana nilipata EMBE LA JIRANI HALINA CHUMVI, na nyingine iliyosema MWALIMU USINITAZAME MIMI. Dukani kanga huuzwa kwa doti, mbili mbili, kwa hiyo wakimaliza kila mtoto amtafute mwenzake ambaye kanga zao zinaendana, na waeleze mbele ya darasa kwa nini. Maelezo hayo yananipa mimi taarifa kuliko mtihani.

"Ustadhi amesema tusichore vyenye roho"

Ukifundisha Pwani au Visiwani utaambiwa hivi, na aliyekuambia hana utundu. Usibishane na madrasa kupitia mtoto wa miaka tisa. Kandambili haina roho, kanga haina roho, wala mwembe hauna uso. Mafundi wa milango ya Zanzibar na Lamu walijaza mbao kwa maua, majani na minyororo, na hakuna anayesema kazi yao ni pungufu. Mpeleke mtoto akatazame mlango wa karibu wenye nakshi, arudi na umbo moja, alirudie mpaka lijaze ukurasa. Wengine wakichora mbuzi, yeye achore kamba na mti aliofungiwa.

Udongo wa mfinyanzi

Udongo wa kichuguu ni mzuri, au wa kando ya mto. Ujaribu hivi: fanya kamba nyembamba, izungushe kidoleni. Ikipasuka, mchanga umezidi. Kuta za kitu zisizidi unene wa kidole, na kikauke kivulini siku kadhaa. Usiahidi kuchoma kama hujawahi kuchoma.

Wakati wa kuwaonyesha Tingatinga

Mwishoni mwa muhula, si mwanzoni. Ukianza na Tingatinga utapata twiga tisini. Waache kwanza wawe na macho yao, ndipo uwaambie habari za Edward Saidi Tingatinga: aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, aliyefika hadi huku kwetu kufanya kazi kwenye mashamba ya katani, kisha akaenda Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli kwa sababu ndizo alizoweza kuzinunua. Alifariki mwaka 1972, kazi yake ya uchoraji haijatimiza miaka mitano. Watoto wangu kinachowagusa zaidi ni baiskeli. Wameshajua kutwanga udongo na chaki, kwa hiyo wanamwelewa kama mwenzao wa kazi.

Waonyeshe alivyotanguliza rangi ya nyuma, kisha mnyama mmoja mkubwa. Halafu waambie wafanye hivyo kwa mnyama wa mtaani kwao. Utapata paka wa soko la samaki, kunguru, na mjusi kafiri wa ukutani.

Alama na kutundika

Shule itadai alama. Mimi nagawa kwa mambo ninayoweza kuyaonyesha kwa kidole: amekitazama kitu kweli, ameijaza karatasi, amemaliza, anaweza kuielezea. Uzuri siupi alama.

Tundika kazi zote, si tano bora. Kamba ya katani kwenye baraza, vibanio vya nguo, picha kwenye usawa wa macho ya mtoto. Mvua ikinukia, mtu mmoja awe na jukumu la kuanua. Usiku zirudi ndani ya kabati la bati, si kwenye kona ya ofisi ambako mchwa wanajua njia. Nilijifunza hilo kwa kanga themanini na saba zilizokuwa zikingoja siku ya wazazi. Rangi ya uji wa muhogo ni chakula, na panya walianza na mji wakaacha mapindo.